Zebaki Jikoni

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kushika vichwa vya watu. Daktari wa meno wa Musoma, Mhindi aliyezaliwa Mwanza na kusomea Bombay, alikuwa amechoka kukimbiwa na wagonjwa kitini. Msaidizi wake wa mwanzo alikuwa mwanamume. Wanawake walimwogopa kama askari wa kodi, na watoto walimng'ata. Daktari akasikia kwamba katika wodi ya wazazi hospitalini kuna yaya mwenye mikono mikubwa asiyependa maneno mengi, akaenda kuniomba kwa mkuu wangu kama mtu anayeazima jembe. Nilikuwa msichana aliyekwisha kukomaa, nimesoma kidogo misheni, na posa nilizozikataa zilikuwa zimeanza kumtia mama yangu aibu. Nikaenda.

Kliniki ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, karibu na msikiti. Zilikuwa zama za Mwingereza, vita vimekwisha, na mji ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu akipiga kelele kitini kwetu, fundi cherehani wa barazani alisimamisha cherehani yake asikilize. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi la kungojea. Cha nyuma kilikuwa na kiti cha chuma, mashine ya kutobolea meno iliyoendeshwa kwa kukanyagwa kwa mguu, beseni la kutemea, na meza ya vyombo ambayo juu yake kiliwekwa kioo ili ifutike vizuri.

Daktari yule aliogopa vijidudu kuliko alivyomwogopa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Koleo lililotoka kinywani mwa mtu halikuruhusiwa kugusa meza. Lilikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya maji yanayochemka, na likatolewa humo kwa koleo jingine refu ambalo halikuwa na kazi nyingine duniani. Sindano za kioo zilichemshwa, sindano za chuma zilichemshwa, mikono yetu nadhani angeichemsha kama ingewezekana. Badala yake tuliisugua kwa brashi na sabuni ya dawa mpaka ngozi ikawa ngumu kama kwato. Siku moja karani mkubwa wa boma alikuja shavu limevimba, anataka jino litoke sasa hivi, na sufuria ndiyo kwanza ilikuwa imetengwa jikoni. Alisema yeye si mtu wa kusubirishwa. Daktari akamjibu kwamba maji hayajui cheo, na karani akakaa kwenye benchi pamoja na wavuvi, akishika shavu lake kwa leso.

Pamba zenye damu nilizichoma mimi mwenyewe kwenye shimo la nyuma, na nilitakiwa kusimama hapo mpaka ziwe majivu, kwa sababu mbwa wa mtaa walikuwa wameshaijua ratiba yetu. Meno yalileta ubishi mkubwa zaidi. Kwetu Mara mtu hakubali kuacha kipande cha mwili wake kwa watu asiowajua. Nani anajua kitatumiwa kufanyia nini? Daktari alitaka yaingie shimoni, wagonjwa walitaka yaingie mfukoni. Mwisho waliafikiana, yaani mimi niliwaafikianisha: jino litachemshwa kwanza, ndipo mwenyewe apewe likiwa limefungwa kwenye karatasi. Basi tukawa tunachemsha meno kama mayai, na watu wanakaa kuyasubiri.

Ninasimulia haya yote ili ieleweke kwamba kliniki ile haikuwa ya ovyo. Ilikuwa safi kuliko hospitali nilikotoka. Ndiyo maana jambo la zebaki hunishangaza mpaka leo.

Zebaki ilikuwa ya kuzibia matundu ya meno. Daktari alichanganya unga wa fedha na matone ya zebaki kwenye kinu kidogo cha kioo, kisha ule mchanganyiko aliumwaga kwenye kiganja changu. Kazi yangu ilikuwa kuusugua kwa kidole gumba mpaka uanze kulia kama mchanga chini ya kiatu. Hapo nauweka ndani ya kitambaa, naukamua kwa nguvu, na zebaki ya ziada inatoka kwa matone yanayong'aa. Mengine yaliingia kwenye kisahani. Mengine yaliruka sakafuni, yakagawanyika, yakakimbilia kwenye nyufa za saruji. Jioni nilifagia chumba kwa ufagio mkavu, na vumbi lilikuwa na vimetameta. Mchana tulikula maandazi juu ya meza ileile. Hakuna aliyeniambia ninawe kabla ya kula ikiwa nilikuwa nimeshika zebaki tu, kwa sababu zebaki haikuwa na damu wala mate ya mtu. Ilionekana safi. Nilipenda kuiangalia, nakiri, na nilipokuwa peke yangu nilikuwa naizungusha kwenye kiganja kama mtoto.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Buhemba, kwenye mgodi wa dhahabu. Mume wake alifanya kazi kwenye mitambo ya kusaga mawe, na kwa watu wa Butiama, ambako ndiko kwetu, huyo alikuwa mkwe wa kujivunia: ana viatu, ana baiskeli, analeta sukari bila kuombwa. Alikuwa ameongeza mke wa pili, msichana mdogo wa upande wa Bunda, na dada alimpokea kwa adabu, kama tulivyofundishwa. Kisha dada akaanza kuugua.

Habari zilitufikia vipande vipande. Kwanza tulisikia kwamba amekuwa mtu wa haya. Wageni wakija anajificha ndani. Halafu kwamba anamwaga chai. Halafu kwamba mikono inamtetemeka hata hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na anatokwa na udenda kama mtoto anayeota meno. Mama mkwe wake hakupoteza muda kutafuta sababu. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na nguo aliyokuwa akiionyesha ilikuwa yule mke mdogo. Walichimba kizingiti, wakakuta mfupa wa kuku. Nani katika nchi hii akichimba kizingiti chake hatakuta mfupa wa kuku? Lakini dada aliamini. Aliniambia baadaye kwamba aliacha kula chochote kilichopikwa na yule binti, na kwamba usingizini alimwona akimfunga mikono kwa kamba.

Meno yake yalipoanza kucheza ndipo walipomkumbuka mdogo wake anayefanya kazi kwa daktari wa meno. Aliletwa na lori la mizigo, amefunga khanga mpaka puani. Nilipoifungua nilishtuka. Dada yangu ndiye aliyekuwa mzuri katika nyumba yetu, mimi nilikuwa wa kazi. Hiyo ilikuwa inajulikana na hatukugombana juu yake. Sasa ufizi ulikuwa umevimba, una rangi ya kijivu kama risasi ya bunduki, na harufu iliyotoka kinywani ilinifanya nigeuze uso, nikaona aibu kwa kuugeuza.

Nilimkalisha kitini na kumshika kichwa. Daktari alikuwa tayari na koleo, kwa kuwa meno manne ya mbele yangetoka hata kwa vidole. Akasimama. Akaliweka koleo mezani, akamwomba dada anyooshe mikono mbele, na tukaitazama ikitetemeka. Dada aliishusha upesi na kuificha chini ya khanga. Alikuwa hajui Kiswahili cha kutosha kujieleza kwa mgeni, hivyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Daktari aliniambia kwamba alishauona ufizi wa namna ile alipokuwa mwanafunzi, kwa fundi mmoja aliyekuwa akipaka vioo dawa nyuma ili viwe vya kujitazamia. Dawa yenyewe ilikuwa zebaki. Akaniuliza mume wa huyu mama anafanyaga kazi gani. Nikajibu: mgodini. Akauliza kama mama naye anafanya kazi mgodini. Nikasema hapana, wanawake hawaajiriwi huko. Basi akataka nimuulize zebaki anaipata wapi.

Nilimuuliza kwa Kizanaki. Alitazama sufuria ikichemka. Kisha akasema yote, kwa sauti ndogo, na mwisho akanisihi nisimwambie yule Mhindi.

Mume wake alikuwa akitoka na dhahabu mgodini. Kule mitamboni dhahabu hunaswa kwa zebaki juu ya mabamba ya shaba, ikawa kama uji mzito, na yeye alikwangua kidogo kila zamu na kukificha ndani ya kiporo cha ugali alichorudi nacho nyumbani. Walinzi walipekua mifuko, viatu na nywele. Ugali wa mtu hawakuugusa. Ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki, ule uji hukaangwa motoni mpaka zebaki yote iishe hewani. Mwanamume akionekana amechutama jikoni, majirani watauliza kuna nini. Mwanamke akiwa jikoni, hakuna wa kuuliza. Kwa hiyo dada ndiye aliyekaanga, chumba cha ndani, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa gunia ili mtu asione. Ikiiva, mume anaipeleka Bunda kwa sonara mmoja, kwa kuwa Musoma anafahamika mno. Dada alikuwa akifanya hivyo tangu mvua za mwaka uliopita.

Kukutwa na dhahabu mbichi bila kibali ilikuwa jela, na si jela ya siku chache. Ningesema, shemeji yangu angefungwa, watoto wa dada wangebaki bila mtu, na ukoo wa mume ungesema dada ndiye aliyemuuza. Nisingesema, daktari angeng'oa meno, angemrudisha dada Buhemba, na dada angeendelea kukaanga. Nilisimama pale nimeshika kichwa chake, na nilikasirika. Sikujua nimkasirikie nani, basi nikamkasirikia daktari, ambaye alikuwa akinitazama akisubiri jibu.

Nikamwambia: "Daktari, anasema hajui. Lakini mimi ninauliza kwa nafsi yangu. Mtu akikaanga zebaki kwenye jiko, ndani ya nyumba, inakuwaje?"

Alinitazama, akamtazama dada, akaenda akafungua dirisha ingawa lilikuwa wazi nusu. Kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake kidogo. Alisema kwamba yeye ni mtu wa meno, mambo mengine hasikiagi. Lakini kama kuna mtu huko anakaanga kitu hicho, basi huo mvuke ndio unaomla: hauna rangi, hauna harufu, unaingia kwa pumzi na kukaa mwilini. Atapoteza meno, kisha akili, na akiwa na mimba, mtoto naye. Hakuna dawa ya kunywa itakayosaidia akiendelea kukaa humo. Atoke nyumba hiyo, akae penye hewa, anywe maziwa, ale mayai, na mwili utaitoa wenyewe polepole.

Nilimtafsiria dada. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: kama ni mvuke, basi yule binti hakumfanyia kitu? Nikasema hakumfanyia kitu. Akafungua kinywa meno yang'olewe.

Kumtoa dada nyumbani kwa mume wake haikuwa kazi ndogo. Mwanamke akirudi kwao bila sababu inayokubalika, siku ya pili wazee wanaanza kuzungumza juu ya ng'ombe wa mahari, na baba yangu hao ng'ombe alikuwa ameshawaozea kaka zangu. Sababu inayokubalika ilikuwa ugonjwa unaohitaji maziwa na uangalizi wa mama. Basi tukautumia huo. Shemeji alikuja Musoma siku yake ya mapumziko, amevaa viatu vyake na kuleta jogoo kwa ajili yangu. Nilimweleza nje, chini ya baraza, yale daktari aliyoyasema: kwamba ni mvuke wa zebaki, kwamba dada asirudi mpaka apone, na kwamba kitu kile kisikaangwe tena ndani ya nyumba. Aliinamisha kichwa. Alisema amesikia, dada akae kwa mama kadiri itakavyotakiwa. Hakuuliza swali hata moja. Wakati ule nilimwona kuwa ni mtu muungwana, maana wanaume wengi wangebisha.

Dada akaenda Butiama. Mama alimnywesha maziwa mpaka akayachukia. Kwanza udenda ulikatika, kisha akaanza kulala, kisha siku moja nilipokwenda kumsalimia nikamkuta anashona gauni la mtoto, uzi ameutunga mwenyewe. Aliisogeza sindano karibu na macho yangu ili niione. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kule kliniki nako mambo yalibadilika bila tangazo. Asubuhi moja nilikuta zebaki imehamishiwa kwenye chupa nene, imefunikwa maji juu. Nikapewa vifuko vya mpira vya kuvaa vidoleni wakati wa kusugua. Matone ya sakafuni nikaambiwa niyaokote kwa pamba iliyolowa, kabla hayajafika kwenye ufa, na ufagio mkavu ukapigwa marufuku. Nyufa zenyewe zilizibwa. Maandazi yakahamia kwenye benchi la mbele. Daktari hakunieleza kwa nini, wala sikumuuliza, lakini nilikuwa namwona, kazi zikiisha, akinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya dirisha na kuutazama. Ulikuwa unatetemeka kidogo. Alikuwa amefanya kazi na zebaki tangu ujana wake, mikono mitupu. Mganga hajigangi, husemwa, na huyu angalau alijaribu.

Habari iliyofuata ililetwa na binamu yetu aliyekuwa akiuza karanga mgodini. Alikuja Butiama siku ambayo nami nilikuwepo, akakaa uani, akatoa salamu za kila mtu. Katikati ya salamu akasema kwamba yule mke mdogo siku hizi haonekani nje, anashinda chumba cha ndani, amejifungua mtoto wa kiume na anambeba mgongoni humohumo, na majirani wanasema amekuwa mtu wa haya.

Dada alikuwa anapukuchua mahindi. Aliendelea mpaka gunzi likabaki tupu, akalitupa, akapangusa mikono.

"Lori la Buhemba linapitaga lini?" akauliza.

Mama alisema mambo mengi. Alisema mtoto yule si wa tumbo lake, alisema mwenye nyumba ni mwanamume na ataamua mwenyewe, alisema daktari amekataza. Yote yalikuwa kweli. Dada alimsikiliza kwa heshima, akafunga khanga. Mimi nilikwenda naye kwa kuwa nilikuwa na siku moja ya ruhusa, na kwa kuwa sikujua anakusudia kufanya nini. Nilipomuuliza njiani alisema naye hajui bado.

Nasema mapema kwamba hakuna aliyefungwa, ili msomaji asipoteze muda akingojea polisi. Na baada ya siku ile kitu kile hakikukaangwa tena katika nyumba ile. Lakini sivyo nilivyotarajia iwe.

Tulifika mchana, jua kali. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya kambi ya mgodi, katika mstari wa nyumba nyingine, ua mmoja ukitazamana na mwingine. Shemeji alikuwa amelala chumba chake baada ya zamu. Dada hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja chumba cha ndani, akausukuma mlango, nami nikafuata. Gunia lilikuwa dirishani. Yule binti alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa, mtoto mgongoni, na kwenye kikaango cha chuma kulikuwa na donge dogo linalong'aa. Alipomwona dada aliinuka, akarudi nyuma hadi ukutani. Alidhani amekuja kulipiza kwa ule mfupa wa kuku. Mkono alioinua kujikinga ulikuwa unatetemeka.

Nilidhani dada atamwaga kile kitu chooni. Nilimnong'oneza amwage. Alijibu kwamba akimwaga hiki, kesho ataletewa kingine. Akaninyooshea kidole nichukue upande mmoja wa jiko, tukalibeba na kikaango chake juu mpaka katikati ya ua, penye mwanga, mbele ya macho ya majirani wote. Pale alichukua vumbi kidogo kwa vidole, akaliachia, akaangalia linakopeperukia. Akakaa kwenye kigoda upande ambako upepo ulikuwa unatoka. Akamwita yule binti, akamkalisha nyuma yake na mtoto. Kisha akaanza kupepea makaa kwa ungo, taratibu, kama mtu anayechoma mahindi ya kuuza.

Wanawake walitoka milangoni. Mmoja alisalimia kutoka mbali, dada akaitikia. Nilisikia kitanda kikilia ndani, na shemeji akatokea mlangoni, amevaa msuli, usingizi bado usoni. Alipoona kilichokuwa uani alishika mwimo wa mlango. Kama angekuja kukichukua, majirani wangejua ni chake. Hakusogea.

Njia ya kambini ilipita kando ya ua ule, na haukupita muda askari wa mgodi akaja akikokota baiskeli, anatoka kazini. Alisalimia, dada akaitikia bila kuinuka. Akauliza kwa kawaida tu, mama unapika nini na jua hili.

"Dawa ya meno," dada akasema, na akafunua kinywa amwonyeshe pengo lake.

Askari alicheka kidogo kwa huruma. Kisha macho yake yakashuka kwenye kikaango, yakakaa hapo. Yeye alikuwa mtu wa mgodini. Nilimwona akijua. Alitazama jiko, akatazama lile pengo tena, akatazama mtoto mgongoni mwa yule binti, na uso wake ukabadilika; hakuwa tena askari, alikuwa mtu wa makamo mwenye baiskeli. Aliisogeza baiskeli nyuma hatua kadhaa, upande wetu, upande upepo ulikotoka.

"Mama," alisema, "hiyo sisi kazini hatuikaribiagi. Wanaoichomaga wanafunga vitambaa puani na wanakaa kama ulivyokaa, upepo mgongoni. Siku ya kwanza kabisa mtu akiandikwa kazi anaambiwa hilo. Kila mtu anaambiwa. Mume wako hakukwambia?"

Dada aliendelea kupepea makaa, lakini ungo ulikuwa umepunguza mwendo. Askari alingoja kidogo, akaaga, akapanda baiskeli yake.

Shemeji alikuwa bado mlangoni. Dada hakugeuka kumtazama. Aliyegeuka ni yule binti. Alimtazama mume wake, na aliendelea kumtazama hata mtoto alipoamka mgongoni na kuanza kulia.